Wasifu Usomwao Kimya

Mimi kazi yangu ni nywele, na mtu wa nywele hakosi maneno. Miaka arobaini na sita nimesimama nyuma ya vichwa vya wanawake wa Sweetgum, chanuo la moto mkono wa kulia, mafuta mkono wa kushoto, na mdomo ukifanya kazi kuliko mikono yote miwili. Nani kamwacha nani, nani kanunua gari asiloliweza, nani kasimama kuimba peke yake akapotea katikati ya ubeti, yote hupita kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Lurline, siku ukifa tutakuzika wewe kwanza, mdomo tutauzika wiki ijayo." Basi mjue mapema: mtu wa namna hiyo ndiye anayewasimulia, na ndiye aliyenyamaza miaka sitini juu ya jambo moja. Nitalifikia. Kwanza Bi Ozella.

Bi Ozella Pinkard ni karani wa kanisa letu la Pisga. Ana miaka sabini na tisa, mwembamba, hapendi kuguswa kofia. Maisha yake ya mshahara aliyamaliza akipiga pasi mashuka ya hospitali, lakini muulize kazi yake atakwambia, "Mimi ni mwandishi." Na hasemi uongo. Kila aliyezikwa na kanisa letu tangu mwaka sitini na nne, wasifu wake ameuandika yeye. Mwenyewe hakuolewa. Anasema ameshawaandika wanaume wengi mno, hakuna jipya la kumtamanisha.

Ana utaratibu wake. Siku ya pili ya msiba hufika nyumbani kwa wafiwa na daftari, na haketi sebuleni hata umbembeleze vipi. Huenda jikoni. Anasema sebuleni watu hudanganya, jikoni huchoka kudanganya. Huuliza marehemu alipenda kula nini, alicheka vipi, alikuwa na ugomvi na nani. Kisha hurudi kwake kupiga taipu kwa vidole viwili. Juu huandika "Jua lilichomoza," na tarehe ya kuzaliwa. "Jua lilitua," na tarehe ya kufa. Watoto wa nje ya ndoa nao huwaingiza, kwa ustadi: "na wengine aliowapenda." Kila mtu anawajua ni akina nani, na hakuna anayeweza kumshitaki.

Na kwenye karatasi yake hakuna mtu anayekufa. Watu huitwa nyumbani. Watu hulala. Mlevi aliyegongwa na treni, Bi Ozella aliandika kwamba "safari yake ilikatizwa." Halafu kwenye ratiba ya ibada, baada ya wimbo, huja mstari ule ule wa siku zote: Wasifu, usomwe kimya. Mpiga kinanda huvuta sauti chini, kanisa zima linainamisha vichwa, tunasoma. Ndiyo desturi yetu. Mtoto wa mlevi husoma baba yake akisifiwa, na hakuna jicho linalomtazama. Mimi nimeipenda desturi hiyo maisha yangu yote, sitaki kuwadanganya.

Sasa, kila Februari, Jumamosi moja, tuna siku yetu kwenye shule ya zamani, ile ya vyumba viwili waliyoijenga babu zetu kwa mbao walizobeba wenyewe kwa sababu kaunti haikutaka kutujengea sisi weusi. Watoto hukariri, kwaya huimba, vijana huonyesha michoro yao, na akina mama hukaanga samaki mpaka nguo zinuke wiki nzima. Mwaka huu Mchungaji Tolliver alikuja na wazo. Ni kijana wa Atlanta, mzuri wa roho, ana viatu vya kung'aa na imani kubwa katika karatasi. Alitaka ubao wa majina, wa watu wa hapa waliouawa kwa kudai haki yao. Kura, shule, mshahara. Kila jina liwe na ushahidi wa maandishi.

"Bila karatasi, ndugu zangu, watatucheka," alisema.

Yalipatikana majina manne. Ubao ulipakwa rangi, na chini pakabaki nafasi tupu.

Kwenye kikao cha kamati mwezi wa kwanza, Mchungaji akatusomea barua kutoka Detroit. Iliandikwa na Delphine Batts, mwenye miaka sitini na mitatu, binti ya Hosea Batts wa hapa hapa. Mama yake, Ruthie, alifariki vuli iliyopita, na katika Biblia ya mama alikuta kijitabu cha mazishi ya baba. Aliomba aje Februari aseme neno. "Najua mtawakumbuka waliouawa," Mchungaji alisoma. "Mimi nataka kumshukuru Mungu kwa ajili ya baba yangu, kwa sababu katika miaka ile mibaya, yeye alijaliwa kufa kitandani mwake."

Mchungaji akakunja barua, uso unamwaka furaha. "Amina?" akasema.

Kanisa letu mtu akipiga chafya huitikiwa amina! Siku ile Shemasi Yarbrough alitazama vidole vyake. Mama wawili wa kanisa walitazama dirisha. Bi Ozella aliandika kitu katika daftari la kikao, akakikata, akaandika tena. Yule kijana wa watu akadhani tumechoka, akafunga kwa sala.

Jioni Bi Ozella alikuja kibarazani kwangu, hakuketi.

"Wasifu ule niliuandika mimi, Lurline."

"Najua, Bi Ozella."

"Ulikuwa wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Akanieleza ambalo sikulijua. Usiku wa matanga Ruthie alimfuata jikoni, mtoto amelala begani. "Andika alilala," akamwambia. Bi Ozella akasema, "Dada Ruthie, watu wameuona mwili." Ruthie akamshika kifua cha gauni. "Andika alilala! Wakisikia tunasema vingine watakuja kumalizia. Mimi nina huyu mtoto. Niapie hutamwambia kamwe." Akaapa. Akaandika, wakadurufu kwenye mashine ya shule ile ile, na siku ya mazishi watu mia mbili waliinama wakasoma kimya kwamba Hosea Batts alilala. Wote walijua. Siku nane baadaye Ruthie alipanda treni na mtoto wake.

"Kwa hiyo hayumo kwenye ubao," Bi Ozella akasema. "Cheti cha kifo cha kaunti kinasema moyo, na karatasi yangu inasema kitanda. Mimi na kaunti tumekuwa kitu kimoja. Na sasa binti yake anakuja kusimama mbele yetu ashukuru."

Mimi nilimkasirikia. Nasema kweli. "Mwache mtoto wa watu na kitanda chake! Mama yake amekufa juzi, unataka umuue na baba mara ya pili? Nyamaza, Bi Ozella. Umenyamaza miaka sitini, huwezi kumalizia Jumamosi moja?"

"Kitanda hicho nilimtandikia mimi," akasema. "Siwezi kumtazama analazwa humo mbele ya watu wanaojua."

Akaondoka. Mimi nilibaki na hasira, na hasira ile haikuwa yake peke yake. Nilikuwa na langu la siku ile ya Hosea, ambalo hata Bi Ozella hakuwa akilijua.

Delphine alifika Ijumaa asubuhi, na kama ilivyo kwa mwanamke mwenye akili timamu, alikuja moja kwa moja kutengenezwa nywele. Mrefu, sauti nene, macho ya baba yake yale yale ya kuchekea pembeni. Nilianza upande wa kulia. Alinisimulia juu ya kazi yake ya kuendesha basi la shule, miaka thelathini, na jinsi mama yake alivyokuwa haachi taa izimwe barazani.

"Tangu lini?" nikauliza, kijinga.

"Tangu nipate akili. Alikuwa akisema ni mazoea ya nyumbani. Nyie huku mnaacha taa?"

"Wengine," nikasema.

Upande wa kulia ulikuwa umenyooka unang'aa, wa kushoto bado umesimama wenyewe, Bi Ozella alipoingia bila kubisha. Hajawahi kuingia mahali bila kubisha. Alikuwa na bahasha.

"Delphine, mwanangu. Mimi ndiye Ozella Pinkard."

"Bi Ozella! Jina lako liko chini ya wasifu wa baba. Naujua kwa moyo, unajua?" Akafumba macho kwenye kiti changu, akasema kama mtoto wa darasani, "'Jioni ya tarehe tisa Oktoba, baada ya chakula, Ndugu Batts alijilaza kitandani mwake, na Bwana akamwita kwa upole.' Mama alikuwa akinisomea kabla ya kulala."

"Sivyo," akasema Bi Ozella.

"Sivyo nini?"

"Hakula. Hakulala."

Akamweleza akiwa amesimama, mikono imeshika bahasha. Kwamba Hosea alikwenda mjini mara ya tatu kujiandikisha apige kura. Kwamba njiani kurudi, barabara ya kiwanda cha mbao, gari la polisi wa kaunti lilimsimamisha. Kwamba Jumapili alikutwa kijitoni, mikono imefungwa. Hakupamba neno. Mwanamke aliyekaa miaka sitini akipamba, siku ile alisema kama mtu anayesoma orodha ya nguo chafu.

Delphine hakulia. "Nani anajua?"

"Waliobaki wote."

"Wote?" Akanitazama kwenye kioo. "Dada Lurline?"

"Nilikuwa na miaka tisa," nikasema.

"Sikukuuliza umri."

Mimi! Mimi nisiyekosa jibu, niliona chanuo linaunguza taulo na sikulitoa.

Bi Ozella akaweka karatasi mbili juu ya meza ya mafuta. "Ya zamani hii. Hii mpya, nimeandika jana. Programu ya kesho, yenye ukurasa wa baba yako, naichapa leo saa kumi na mbili. Nilimwapia mama yako, na mama yako hayupo, kiapo ni chako sasa. Ukisema nichape ya zamani, nitaichapa, na sitafungua mdomo mpaka kaburini. Ukisema mpya, nitaichapa mpya."

"Miaka sitini," Delphine akasema. "Nimewahi kuja hapa mara mbili. Mmenilisha pai ya viazi vitamu. Mmenipigapiga mgongo. Na wote mlikuwa mnanitazama hivi?" Akalivuta lile shuka nililomfunga shingoni, akachukua karatasi zote mbili, akatoka na nusu ya kichwa.

Nikamgeukia Bi Ozella. "Umefurahi sasa? Eh? Umeridhika?"

Alivua kofia, jambo ambalo sijaliona maishani, akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa bado cha moto. "Nitengeneze, Lurline," akasema. "Kesho kuna watu." Nikamtengeneza. Saa kumi na mbili ilipofika simu yake haikuwa imelia.

Jumamosi shule ilijaa mpaka watoto wakakalia madirisha. Harufu ya samaki, vitambaa vya kushonwa ukutani, michoro ya vijana, na ule ubao mbele na majina manne na nafasi yake tupu. Delphine alikuwa mstari wa kwanza, kilemba cha manjano kichwani. Hakumsalimu mtu. Watoto wakakariri, kwaya ikaimba, sisi wazee tukawa tunapepea mapepeo Februari, baridi kali, kwa kukosa la kufanya.

Tukafungua ukurasa wa tatu wa programu. Juu palikuwa na jina: Hosea Batts. Jua lilichomoza, 1931. Jua lilitua, 9 Oktoba 1964. Wasifu, usomwe kimya. Na chini yake hapakuwa na kitu. Karatasi nyeupe mpaka mwisho. Bi Ozella hakupewa ruhusa ya uongo wala ya kweli, basi hakuchapa chochote.

Na sisi, kwa mazoea, tuliinamisha vichwa! Sauti ya piano ikashuka, na watu mia moja na zaidi tukainama tukasoma karatasi tupu. Mwanzoni nilitaka kucheka. Halafu nikaona Shemasi Yarbrough, mzee wa miaka themanini na minane, machozi yanadondoka juu ya ule weupe, nikaelewa kwamba kila mmoja wetu alikuwa anasoma, na kila mmoja alikuwa anasoma kitu kile kile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nikidhani ni maneno tu.

"Nyamazisha piano," Delphine akasema.

Alisimama, akafungua ile karatasi mpya, imekunjwakunjwa kama mtu aliyelala nayo. "Huu wa baba yangu hausomwi kimya," akasema, akaanza. Hosea Batts, fundi wa msumeno. Alipenda syrup ya miwa juu ya kila kitu, hata mayai. Aliimba besi, vibaya, kwa sauti kubwa. Watu wakacheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikwenda mjini mara tatu kudai kura yake. Tarehe tisa Oktoba hakuitwa kwa upole. Hapo sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika.

"Hapa siwezi," akasema. "Nyinyi mliojua, simameni mmalizie."

Kisha Shemasi Yarbrough akashika mkongojo wake, akajivuta akasimama. Akafuata mama mmoja wa kanisa, mwingine, Bi Ozella, na nyuma yao wengine. Tulikuwa kumi na tisa. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa.

"Lilikuwa gari la polisi," Shemasi akasema. "Nililiona likirudi, limejaa matope."

"Mimi nilimwosha," akasema mama mmoja. "Kamba ilikuwa bado mikononi."

Wakasema, kila mtu kipande chake, wengine kwa sauti ambayo hutaisikia hata ukiwa jirani. Kipande changu mimi nilibaki nacho. Delphine akanitazama, akasubiri, kisha akamtazama mwingine. Mchungaji Tolliver alikuwa ameketi na programu magotini, uso wa mtu aliyepigwa na mlango. Mwishowe akasema polepole, "Mzee, utaweza kuyaandika hayo na kutia sahihi?"

"Lete kalamu," Shemasi akasema. "Nimesubiri hiyo kalamu tangu wewe hujazaliwa."

Jina likaandikwa mchana ule ule na binti mmoja wa darasa la uchoraji, kwa haraka, rangi ikachuruzika kidogo chini ya herufi. Delphine alikataa isifutwe. Kisha akamwendea Bi Ozella, na chumba kizima kikajifanya kinakula.

"Sijakusamehe, Bi Ozella."

"Najua, mwanangu. Kula kwanza, samaki wanapoa."

Akaketi karibu naye. Wakakaa mpaka viti vikakunjwa, Delphine akiuliza mambo madogo madogo, Bi Ozella akijibu kama mtu aliye jikoni. Baba alivaa kofia gani. Alimwita mama nani. Basi la kwenda Detroit likamwacha.

Jumatatu asubuhi alibisha kwangu. Alivua kilemba, na nusu ya kushoto ilikuwa kama nilivyoiacha. "Malizia," akasema. Nikapasha chanuo, nikapaka mafuta, nikagawa nywele. Redio ilikuwa imezimwa. 

"Jumamosi ulisimama," akasema kwenye kioo, "lakini hukusema."

Nikazima moto. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake, maana hili halisemwi kwa kisogo. Nikamwambia. Nilikuwa na miaka tisa, natoka kwa bibi na kopo la syrup, nikalikuta lori la baba yake limesimama barabara ya kiwanda na polisi wawili pembeni. Baba yake aliniona. Hakutaka niogope, akanichekea kwa pembeni vile vile. Akanituma. Nikakimbia mpaka syrup ikamwagikia miguu yote. Mama yangu alinishika kwenye ngazi akaniziba mdomo, akasema, hukuona kitu, umesikia, hukuona kitu wala hukutumwa na mtu. Sikufika kwao. Ilikuwa nyumba ya tatu tu kutoka kwetu, na sikufika.

"Alikutuma kwa nani?" Delphine akauliza.

"Kwako," nikasema. "Alisema, mwambie Delphine asilale, baba anakuja."